Sura ya Sita: Pale Kiungo Kinapokatikia

Alumini ina tabia ya kumhadaa fundi. Chuma kikipashwa moto hubadilika rangi, huanza na wekundu wa kiza kisha huingia rangi ya chungwa, na mchomeleaji hujua kwa jicho tu kwamba kinakaribia kuyeyuka. Alumini haitoi ishara hiyo, bali hubaki na weupe wake hadi inapokaribia nyuzi 660 za Selsiasi, kisha humwagika ghafla kama maziwa yaliyofurika sufuria. Uso wake umefunikwa daima na ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, lakini ngozi hiyo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000, kwa hiyo metali ya chini huwa imekwisha kuwa maji wakati ngozi ya juu bado ni ngumu. Alumini iliyoyeyuka hubeba haidrojeni takriban mara 20 ya ile inayoweza kubaki ndani yake ikiwa imeganda, na gesi hiyo inapofukuzwa huacha vitundu. Metali yenyewe hunywea kwa takriban asilimia 6 ya ujazo wake inapoganda, na baadhi ya aloi, yaani alumini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha metali nyingine, hupasuka katika dakika hiyohiyo ya kunywea. Aloi zenye nguvu zaidi, zile za shaba katika mfululizo wa 2000 na za zinki katika mfululizo wa 7000, ndizo zinazopasuka zaidi, na kwa muda mrefu watengenezaji wa ndege walipendelea kuziunga kwa ribiti kuliko kuzichomelea.

Matatizo hayo yote yana chanzo kimoja, nacho ni kuyeyuka. Desemba 1991, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji ya TWI, iliyoko karibu na Cambridge nchini Uingereza, iliomba hataza ya mbinu inayokwepa chanzo hicho, ikiwa ni kazi ya Wayne Thomas na wenzake. Kuunga metali kwa msuguano hakukuwa jambo geni, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimezoea kuzungusha ufito mmoja na kuusukumia kwenye mwingine hadi zishikane, lakini njia hiyo ilidai kipande chenye umbo la duara kinachoweza kuzungushwa. Upya wa mwaka 1991 ulikuwa katika kuviacha vipande viwili vimetulia na kuleta kitu cha tatu kizunguke kati yao. Mbinu hiyo itaitwa hapa uungaji kwa msuguano na kukoroga.

Kifaa chake ni rahisi kukieleza. Ni kipande cha chuma kigumu cha mviringo, chenye sehemu mbili: bega, ambalo ni uso mpana unaokaa juu ya bamba, na pini, ambayo ni kijiti kifupi chenye uzi kama wa skrubu kinachotokeza katikati ya bega. Kwa mabamba ya alumini yenye unene wa milimita 6, bega linaweza kuwa na kipenyo cha milimita 18 hivi, na pini ikawa na urefu pungufu kidogo ya unene wa bamba. Mabamba mawili hulazwa ubavu kwa ubavu juu ya bamba gumu la kuegemea na kubanwa kwa nguvu ili yasiachane. Kifaa huzungushwa, hushushwa polepole hadi pini izame kwenye mstari wa mpaka na bega ligandamize uso, hubaki hapo sekunde chache mpaka metali ilainike, kisha huanza kutembea kuufuata mpaka huku kikiendelea kuzunguka. Halijoto chini ya bega hupanda hadi kati ya nyuzi 400 na 500 na ushei, hivyo alumini hulainika bila kuyeyuka. Pini huichukua metali laini ya mbele yake, huizungusha ubavuni na kuiweka nyuma, na bega huikandamiza isitoroke.

Neno la Kiswahili kuchomelea limetokana na kuchoma, na kuchoma kuna maana mbili anazozijua kila mzungumzaji: kuunguza kwa moto na kudunga kwa kitu chenye ncha. Uchomeleaji wa kawaida umejengwa juu ya maana ya kwanza, ilhali huu umejengwa juu ya zote mbili, na pengine hakuna lugha iliyokuwa na neno lililo tayari zaidi kuupokea. Anayetaka picha ya kinachotokea ndani ya metali amfikirie mpishi anayesonga ugali: unga umekwisha kuacha kumiminika kama uji, mwiko unaupindua kutoka upande huu na kuukandamiza upande ule, na ubora wa kinachopakuliwa unategemea moto na mkono kwa pamoja. Moto ukiwa hafifu, au mkono ukiwa na haraka, mabonge ya unga mkavu hubaki ndani hata kama sura ya juu ni laini.

Moto na mkono katika mashine hii vinatawaliwa na mipangilio michache. Wa kwanza ni kasi ya mzunguko, inayohesabiwa kwa mizunguko kwa dakika. Wa pili ni mwendo wa kusonga mbele, unaohesabiwa kwa milimita kwa dakika. Wa tatu ni msukumo wa kushuka chini, ambao kwa bamba la milimita 6 unaweza kufika kilonyutoni kadhaa na hata kupita 10, yaani uzito wa tani moja uliokalia eneo lisilozidi sarafu. Kuna pia mwinamo wa kifaa, ambao kwa kawaida ni nyuzi 2 au 3 kuelekea nyuma, na kuna umbo la bega na pini, ambalo wengi hawalihesabu kuwa mpangilio kwa sababu halina kitufe kwenye mashine.

Mwanafunzi anayekutana na mashine hii kwa mara ya kwanza huamini kwamba kasi ya mzunguko ikiongezwa mara mbili, joto nalo litapanda mara mbili. Haiwi hivyo, kwa sababu metali inayolainika huacha kukinza. Kadiri bega linavyozunguka upesi ndivyo alumini iliyo chini yake inavyokuwa laini, na kadiri inavyokuwa laini ndivyo inavyotoa joto dogo kwa kila mzunguko, kana kwamba mchakato una breki yake wenyewe. Mwaka 1998 Arbegast na Hartley walipendekeza kanuni ya kukadiria halijoto ya kilele kwa kutumia kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko kikigawanywa kwa mwendo wa kusonga mbele, na matokeo yake yakipandishwa kwa kipeo kidogo sana, kati ya 0.04 na 0.06. Kwa hesabu hiyo, kuongeza mzunguko mara mbili, mwendo ukibaki uleule, kunapandisha kilele kwa asilimia 6 hadi 9 tu. Kipimo kinachobadilisha joto kwa ukali zaidi ni kipenyo cha bega: mgandamizo kwa kila milimita ya mraba ukiwa haukubadilika, joto la msuguano linafuata kipeo cha tatu cha nusu kipenyo, kwa hiyo kutoka bega la milimita 12 hadi la milimita 18 ni kuongeza joto zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana jedwali linalotaja mizunguko kwa dakika bila kutaja kipenyo cha bega halimsaidii msomaji yeyote.

Mzunguko na mwendo huungana katika kipimo kimoja ambacho mafundi wa kazi hii hukitazama mapema kuliko vyote, nacho ni umbali unaosogezwa na kifaa katika kila mzunguko mmoja. Uso wa kiungo kilichopoa huhifadhi hesabu hiyo waziwazi. Mtu akikishika mkononi na kukielekeza kwenye mwanga ataona vijipete vya nusu duara vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine kama magamba ya samaki, kila kimoja kikiwa ni alama ya mzunguko mmoja wa bega. Akiweka rula na kuhesabu vijipete 10 ndani ya milimita 2, amejua kwamba kifaa kilisogea milimita 0.2 kwa mzunguko, kwa mfano mizunguko 1,000 kwa dakika kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Lakini vijipete hivyohivyo vingepatikana kwa mizunguko 500 na mwendo wa milimita 100, na viungo hivyo viwili si ndugu. Katika cha pili halijoto ya kilele inashuka kwa asilimia 3 au 4 tu, ilhali kifaa kinachukua muda mara mbili kupita kila sehemu, na metali ya pembeni inakaa katika joto kwa muda mrefu zaidi. Kwa aloi nyingi, ni muda huo unaoamua kiungo kitabeba mzigo gani.

Sababu yake haionekani kwa macho. Aloi ya 6061, yenye magnesi na silikoni, huuzwa mara nyingi ikiwa katika hali inayoandikwa T6, maana yake kwamba imepashwa moto hadi nyuzi 530 hivi ili magnesi na silikoni ziyeyukie ndani ya alumini kama chumvi ndani ya maji, ikapozwa ghafla, kisha ikakalishwa kwenye nyuzi 160 hadi 175 kwa saa nyingi. Katika saa hizo magnesi na silikoni hujikusanya tena na kufanya mashapo, yaani chembe ndogo mno zilizotawanyika kote, na chembe hizo ndizo zinazozuia safu za atomu zisiteleze moja juu ya nyingine metali inapovutwa. Ukinzani wa mvuto, ambao ni mzigo unaoweza kubebwa na kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, hufikia megapaskali 310 hivi katika hali hiyo, sawa na zaidi ya kilo 31 zikining'inia kwenye waya wenye eneo la milimita moja ya mraba. Aloi hiyohiyo ikilainishwa kabisa kwa moto hubeba megapaskali 124 tu. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili yote imo katika ukubwa na mtawanyiko wa mashapo.

Sasa kifaa kinapita. Katika kiini cha kiungo, pale pini ilipopita, joto huwa kubwa kiasi cha kuyarudisha mashapo mengi ndani ya alumini, na ukorogaji mkali huzivunja punje za metali na kuzifanya ndogo mno, mara nyingi za mikromita chache tu. Sehemu hiyo ikikaa siku kadhaa bila kuguswa hujipatia tena sehemu ya ugumu wake. Kandokando ya kiini kuna ukanda uliopindwa na kupashwa kwa pamoja. Nje yake, milimita kadhaa kutoka kwenye mpaka, kuna ukanda ambao pini haikuugusa kamwe bali joto tu liliufikia, kwenye nyuzi 300 hadi 400 hivi: joto pungufu kwa kuyeyusha mashapo, lakini la kutosha kuyafanya yameze yale madogo na kunenepa. Mashapo manene ni machache, yako mbalimbali, na safu za atomu huteleza kati yake bila shida. Ugumu ukipimwa kwa kuchora mstari unaokatiza kiungo kizima, mchoro wake hufanana na herufi W, ukianza juu kwenye metali asilia, penye takriban 107 kwa kipimo cha Vickers, ukashuka hadi 60 au 70 na kitu katika ukanda huo wa pembeni, ukapanda kidogo katika kiini, kisha ukarudia safari ileile upande wa pili.

Jambo hili linastahili kukaziwa kwa sababu linapindua matarajio ya kawaida. Kiungo kizuri cha 6061-T6 hakikatikii pale mabamba mawili yalipokutana. Hukatikia pembeni, katika metali ambayo haikuunganishwa na kitu chochote. Viungo vya namna hii hubeba kwa kawaida asilimia 65 hadi 80 ya uwezo wa bamba asilia, yaani megapaskali 200 hadi 250 hivi, na fundi anayetaka kupanda juu zaidi hana faida ya kuendelea kuboresha ukorogaji ikiwa ukorogaji tayari ni mzima. Anachoweza kufanya ni kuupunguzia ukanda wa pembeni muda wa kukaa motoni, na njia ya kwanza ya kufanya hivyo ni kuongeza mwendo wa kusonga mbele. Mwendo ukipanda, ukanda laini huwa mwembamba, mashapo hayapati nafasi ya kunenepa, na ukinzani hupanda nao.

Hupanda, ila hadi mahali fulani. Mwendo unapozidi kiasi, metali ya mbele ya pini haijalainika vya kutosha kuizunguka pini na kulijaza pengo la nyuma, na pengo hilo hubaki kama handaki jembamba linalotambaa ndani ya kiungo kwa urefu wake wote, mara nyingi chini kidogo ya uso, kwenye upande ambao ukingo wa pini unazunguka kuelekea uelekeo uleule wa safari. Pande mbili za kiungo hazifanani: upande huo hukatwa na kuvutwa kwa nguvu zaidi, ilhali upande wa pili ndio unaopokea metali inayozungushwa, na jicho lililozoea huutambua kila mmoja katika kipande kilichosuguliwa na kulowekwa kwenye asidi hafifu, kwa kuwa mpaka wa kiini huwa mkali upande mmoja na wa kufifia upande mwingine. Handaki likishakuwapo, kiungo huacha kukatikia pembeni na huanza kukatikia kwenye kiini, na ukinzani hauteremki taratibu kama ulivyopanda bali huporomoka.

Kwa hiyo mchoro wa ukinzani dhidi ya mwendo huwa na kilima, lakini miteremko yake miwili imesababishwa na mambo tofauti kabisa: upande wa polepole ni ulaini, upande wa haraka ni utupu. Anayesoma tarakimu ya mwisho peke yake hawezi kuitambua tofauti hiyo. Viungo viwili vinaweza kukatika vyote kwa megapaskali 190, kimoja kikiwa kimeiva kupita kiasi na kingine kikiwa kibichi, na dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Kipande kilichokatika ndicho cha kuulizwa. Kikiwa kimevutika, kikajibana kama shingo ya chupa na kukatika kwa mshazari milimita nane au tisa kutoka katikati, joto lilizidi. Kikiwa kimekatika wima katikati, bila kurefuka, na ndani ya uso wa mkatiko kuna mstari wa giza au kijishimo, joto halikutosha au metali haikukandamizwa. Maabara zinazochapisha majedwali ya ukinzani bila kusema kila kipande kilikatikia wapi zimetupa nusu ya ushahidi uliokuwa mikononi mwao.

Msukumo wa kushuka chini una kazi mbili, kuleta joto la bega na kuifungia metali isipande. Ukiwa mdogo, bega huteleza juu juu na uso hubaki na mikwaruzo na mapengo; ukiwa mkubwa, bega huzama, metali hufoka pembeni kwa matabaka membamba yenye makali, na bamba hubaki jembamba pale pale linapohitaji unene. Mashine nyingi za kwanza zilishika kina, yaani zilishusha kifaa hadi kimo kilichopangwa na kukiacha hapo, jambo linalofaa kama mabamba yana unene uleule kila mahali. Bamba halisi hutofautiana kwa sehemu za kumi za milimita, hupinda kidogo linapobanwa, hutanuka linapopata joto, kwa hiyo kina kilekile huleta msukumo tofauti mwanzoni na mwishoni mwa kiungo kimoja. Mashine za viwandani za siku hizi zinaweza kushika msukumo badala yake, zikikiacha kifaa kipande na kushuka kufuata bamba. Chuo kisicho na mashine hizo kinaweza kutumia mashine ya kuchongea chuma inayosimama wima, na kazi nzuri zimefanywa kwa njia hiyo, lakini mtafiti anayeitumia anapaswa kukumbuka kwamba hakuna mpangilio wa msukumo aliouweka. Aliweka kina, na msukumo ukajiamulia wenyewe. Mwinamo wa nyuzi 2 au 3 unaoinua ukingo wa mbele wa bega na kuzamisha wa nyuma una faida katika mazingira hayo, kwa kuwa hukandamiza metali pale inapomalizia kujaza pengo.

Urefu wa pini ni suala la sehemu za kumi za milimita na halina huruma. Pini ikiwa ndefu kupita kiasi huchimba bamba la kuegemea. Ikiwa fupi kupita kiasi, mpaka wa chini kabisa haukorogwi, na mabamba hubaki yamegusana bila kuungana. Kasoro ya hatari zaidi ni ile inayokaa kati ya hali hizo mbili, ambapo ngozi mbili za oksidi zimekandamizwa hadi zikashikana lakini hazikuvunjwavunjwa na kutawanywa. Huo ni mshikamano bandia. Miali ya eksirei haiuoni kwa sababu hakuna nafasi tupu ya kuonekana, mawimbi ya sauti huupita kwa urahisi, na katika jaribio la kuvuta unaweza kufaulu kabisa kama ukanda wa pembeni ni dhaifu kuliko wenyewe. Unaoufichua ni mkunjo: ukanda mwembamba wa kiungo hukunjwa kuzunguka rola, upande wa chini ukiwa nje, na kabla ya nyuzi nyingi kupita mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula hufunguka mahali mabamba yalipokutana. Kiungo cha namna hiyo kikiwekwa kwenye daraja au behewa hakitavunjika siku ya kwanza, bali kitaanza ufa kwenye mstari huo na kuukuza kwa kila mtikisiko. Kuusugua ukingo wa mabamba kwa brashi ya waya kabla ya kuyabana ni kazi ya dakika mbili inayoondoa sehemu kubwa ya shida hiyo.

Hakuna mpangilio mmoja unaofaa aloi zote. Aloi za mfululizo wa 6000 zina uvumilivu mkubwa; zikiwa mapande membamba yaliyosukumwa kiwandani, kama yale yanayotengenezea mabehewa ya treni huko Japani na sitaha za meli huko Norway, zinaweza kuungwa kwa mwendo wa zaidi ya mita moja kwa dakika. Aloi ya 5083 ya mashua na meli haitegemei mashapo hata kidogo, nguvu yake hutoka kwenye magnesi iliyotawanyika ndani ya alumini, kwa hiyo ikiwa imenunuliwa katika hali laini, joto halina cha kuiharibia na kiungo kizima kinaweza kubeba sawasawa na bamba lenyewe. Aloi ya 7075 iko upande mwingine kabisa: hubeba megapaskali 570 hivi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 477, hukinza pini hata ikiwa moto, na nafasi kati ya joto lisilotosha na joto linaloyeyusha mipaka ya punje zake ni finyu, hivyo huungwa kwa mwendo wa polepole na uangalizi mkubwa. Jedwali lililopatikana kwa 6061 halihamishiki kwenda 7075, kama vile vipimo vya kupika wali havihamishiki kwenda kukaanga maandazi.

Hapa pana neno la kusema juu ya desturi iliyoenea katika majarida ya uhandisi, ambapo mtafiti huchagua kasi tatu za mzunguko, mienendo mitatu na misukumo mitatu, hufanya majaribio tisa, kisha hutangaza kwamba mpangilio fulani una mchango wa asilimia kadhaa katika ukinzani na mwingine asilimia chache. Hesabu zenyewe ni sahihi, ila asilimia hizo ni sifa ya mipaka aliyoichagua mtafiti kuliko sifa ya alumini. Akichagua kasi za mzunguko zinazokaribiana na mienendo inayoachana sana, mwendo utaonekana kuwa mfalme. Akigeuza, mzunguko utatawazwa. Faida ya kweli ya majaribio hayo ni kuchora mipaka ya eneo salama, na eneo hilo huonekana vizuri zaidi pale mtafiti anapokubali kuchapisha pia vipande vilivyoharibika.

Umbo la pini, lile lisilo na kitufe, lilitoa ushahidi wake hadharani katika mmoja wa miradi mikubwa iliyotumia mbinu hii. Roketi ya SLS ya shirika la anga la Marekani, NASA, ina matangi ya aloi ya 2219 yenye kipenyo cha mita 8.4, ambayo huungwa kwa msuguano na kukoroga katika kiwanda cha Michoud, New Orleans, ndani ya mtambo wa wima wenye kimo cha takriban mita 52. Mbinu hii haikuwa ngeni kwa roketi, kwa kuwa Boeing ilikwisha kuitumia kwenye matangi ya roketi za Delta katika miaka ya 1990. Hata hivyo, kazi ya kuunga matangi ya SLS ilisimama kwa miezi baada ya kugundulika kwamba baadhi ya viungo vilikuwa na ukinzani mdogo kuliko uliotakiwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilieleza mwaka 2017 kwamba chanzo kilichotajwa na wasimamizi wa mradi kilikuwa badiliko la pini ya kifaa. Pini ilirudishwa katika umbo lake la awali, kazi ikaendelea, na roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Novemba 2022.